Subira Isiyomfaa Mwanamke Mwenye Maradhi ya Moyo

Mwulize mtu yeyote aliyekaa barazani jioni akueleze mshtuko wa moyo huwaje, naye hatasita: atakutajia mwanamume wa makamo, mwenye kitambi, aliyekuwa akizungumza na wenziwe hata ghafula akashika kifua upande wa kushoto, akakunja uso, akaanguka chini mbele ya macho ya watu. Sura hiyo tumeipata katika filamu na michezo ya televisheni, na kwa kuwa wapo wanaume waliokufa hivyo katika mitaa yetu, tumeiamini kuwa ndiyo sura nzima ya maradhi haya. Si sura ya uongo, ila ni pungufu mno. Na wanaoulipia upungufu wake ni mama zetu, dada zetu na wake zetu, ambao wengi wao, moyo ukiwadhuru, hawashiki kifua wala hawaanguki, bali hulalamika kwa sauti ndogo kwamba wamechoka, kwamba pumzi haishuki vizuri, kwamba tumbo limejaa, kisha huambiwa wakalale.

Rai yangu katika makala hii ni moja, nami naitoa bila kuizungusha. Mwanamke mtu mzima akilalamika kwa ghafula juu ya pumzi, mgongo, taya, chembe cha moyo au uchovu asioujua, asadikiwe kwanza na apimwe moyo siku ile ile, na habari ya kuvumilia ije baadaye, vipimo vikishathibitisha kwamba moyo u salama. Leo twafanya kinyume chake: twamsifu kwa kuvumilia kwanza, na vipimo huja, kama vyaja, wakati msuli wa moyo umekwisha kufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9, yaani karibu thuluthi ya vifo vyote duniani, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambamo nchi zetu zimo. Wala wanawake si wageni katika hesabu hiyo, kwani ulimwenguni kote maradhi haya huua wanawake wengi kuliko saratani ya matiti na saratani ya shingo ya kizazi zikijumlishwa pamoja. Saratani hizo mbili twazitangaza kwa mabango na maandamano, na ni haki kuzitangaza. Lakini ni nani aliyepata kuona bango la mtaani linalomwambia mwanamke autazame moyo wake?

Ghalati hii ya kumsahau mwanamke ina nasaba ndefu. Mwaka 1768 tabibu William Heberden alisimama mbele ya matabibu wenziwe jijini London akawaeleza, kwa maneno yaliyo wazi, juu ya maumivu ya kifua yamshikayo mtu anapotembea, hasa akipanda kilima, na kumwachia mara asimamapo; na katika maandishi yake akasema kwamba kati ya wagonjwa karibu mia aliowaona wa namna hiyo, wanawake walikuwa 3 tu. Hatuna sababu ya kumlaumu mtu aliyeandika alichokiona. Hata hivyo yafaa kujiuliza ni wanawake wangapi wa zama zile waliopata kupelekwa kwa tabibu mkubwa wa mji, na ni wangapi, wakisema kwamba kifua chawauma, walioambiwa kuwa ni wasiwasi wa nafsi. Aliyehesabiwa ni yule aliyefika mlangoni, na kwa hesabu hiyo wanafunzi wa tiba wa vizazi vilivyofuata walifundishwa kwamba maradhi ya moyo ni ya wanaume.

Karne ya ishirini, pamoja na elimu yake yote, haikuisahihisha kaida hiyo upesi. Huko Marekani uchunguzi mkubwa wa kuzuia maradhi ya moyo, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1982, uliwaandikisha wanaume 12,866 pasipo hata mwanamke mmoja. Na uchunguzi mashuhuri wa kujua kama aspirini yazuia mshtuko wa moyo ulifanywa kwa madaktari 22,071, wote wanaume vilevile. Ndipo mwaka 1991 Bernadine Healy, daktari wa moyo ambaye mwaka ule ule alipata kuwa mwanamke wa kwanza kuziongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, akaandika kwamba mwanamke hulazimika kwanza kuthibitisha kuwa anaugua sawasawa na mwanamume ndipo atibiwe kama anavyotibiwa mwanamume. Na wanawake walipochunguzwa wenyewe, karibu 40,000 kwa idadi, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba aspirini waliyokuwa wakiimeza kwa kinga haikuwapunguzia kwa jumla mshtuko wa kwanza wa moyo, bali iliwapunguzia kiharusi. Jambo lililochukuliwa miaka mingi kuwa ni kweli kwa wote lilikuwa ni kweli kwa nusu ya wanadamu.

Sasa tuzitazame dalili zenyewe, wala tusivuke mpaka wa ukweli kwa kutaka kusisitiza. Maumivu ya kifua, au kubanwa na kuelemewa kifuani, ndiyo dalili iwapatayo wengi zaidi, wanawake kwa wanaume, na mwanamke asemaye kwamba kifua chamwelemea akimbizwe hospitali bila majadiliano. Walakini mwanamke huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupatwa na mshtuko wa moyo bila maumivu hayo, au yakiwa hafifu kiasi cha kufunikwa na mengine. Mwaka 2012 zilichapishwa hesabu za wagonjwa zaidi ya milioni moja waliolazwa katika hospitali za Marekani kwa mshtuko wa moyo, zikaonyesha kwamba katika kila wanawake 100, 42 walifika bila maumivu ya kifua, ilhali wanaume walikuwa 31 katika kila 100. Na waliofia hospitalini walikuwa wanawake 15 hivi katika kila 100, na wanaume 10. Uzee una sehemu yake katika tofauti hiyo, kwa kuwa wanawake aghalabu hupatwa wakiwa na umri mkubwa kuliko wanaume, lakini tofauti ya dalili ilikuwa wazi zaidi hasa kwa wanawake walio vijana.

Badala ya maumivu hayo huja pumzi fupi, mwanamke akawa kama aliyepanda ngazi ilhali ameketi. Huja jasho la baridi, kichefuchefu na kutapika, kizunguzungu, maumivu ya taya, ya shingo, ya bega lolote kati ya mawili, ya mgongo katikati ya mabega, au maumivu ya chembe cha moyo yanayofanana kabisa na kiungulia. Na huja udhaifu wa ghafula unaomfanya mtu ashindwe kuinua sufuria aliyoiinua jana. Jambo jingine, nalo ndilo lililonishughulisha kuliko yote nilipolisoma, ni kwamba mara nyingi mwili hutoa habari mapema. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, wanawake 515 waliokwisha kupatwa na mshtuko wa moyo waliulizwa walikuwa na hali gani kabla yake, na 95 katika kila 100 wakakumbuka dalili mpya zilizoanza kabla ya siku ile, wengi wao zaidi ya mwezi mzima: karibu 71 katika kila 100 walitaja uchovu usio wa kawaida, 48 walitaja usingizi kuharibika, na 42 walitaja kukosa pumzi. Uchovu huo si ule wa kazi nyingi unaoisha mtu akilala. Ni wa mwanamke anayetandika kitanda akalazimika kuketi juu yake kabla shuka ya pili haijakaa sawa, na kesho yake, ingawa amelala usiku kucha, akawa vilevile.

Kwa nini moyo uwe na lugha tofauti? Msuli wa moyo hulishwa na mishipa yake wenyewe, na mshipa ukizibwa, sehemu iliyokuwa ikiutegemea hukosa hewa safi na kuanza kufa katika muda usiozidi saa moja, kama shamba ambalo mfereji wake umezibwa juu, likakauka kuanzia pembe za mbali. Mishipa ya fahamu itokayo kwenye moyo huingia katika uti wa mgongo mahali pamoja na ile ya kifua, mkono na shingo, na ubongo, usioweza kupambanua vizuri habari imetoka wapi, humwambia mtu kwamba taya lauma au bega lauma. Hayo ni ya wote. Lakini kwa wanawake mara nyingi zaidi kizibo hutokana na ukuta wa mshipa kuchubuka badala ya kupasuka, au hitilafu huwa katika mishipa midogo mno isiyoonekana vema katika picha ya mishipa mikubwa. Na wako wengine, aghalabu vijana, wakiwamo wajawazito na waliojifungua karibuni, ambao ukuta wa mshipa wa moyo huchanika kwa ndani wenyewe bila mafuta yoyote kuganda. Huyo wa mwisho huwa hana kitambi, havuti sigara, na pengine ana miaka 35 tu. Akifika hospitali na malalamiko yake, umri wake wenyewe humshuhudia uongo.

Fauka ya hayo kuna ugonjwa ambao matabibu wa Japani ndio walioueleza kwanza, mwaka 1990, ambamo huzuni kubwa au hofu ya ghafula huufanya moyo udhoofike na kuvimba upande wa chini, na wagonjwa wake 9 katika kila 10 ni wanawake, hasa waliokwisha kukoma hedhi. Dalili zake hazipambanuliki na za mshtuko wa moyo pasipo vipimo. Hapa kwetu mwanamke aliyefiwa na mume au mwana akishikwa na kifua matangani huzungukwa na wanawake wenziwe, akapepewa, akanyunyiziwa maji, akasomewa, na watu wakasema ni majonzi. Majonzi ni kweli, na dua ni njema, wala sitamwambia mtu aziache. Lakini dua hiyo hiyo yaweza kusomwa ndani ya gari liendalo hospitali.

Tuingie sasa katika nyumba moja, yoyote uitakayo, iwe Tanga, Mombasa au Ujiji. Ni alfajiri, na mama wa nyumba, mwenye miaka 58 na presha ya siku nyingi ambayo vidonge vyake huvimeza akivikumbuka, ameamka kukanda unga wa maandazi ya kuuza. Moto haujawashwa bado, lakini jasho lamtoka usoni hata leso aliyojifunga kichwani imelowa. Anaiacha ile sinia ya unga, anavuta kigoda, anaketi, mkono mmoja juu ya goti na mwingine shavuni, kwa kuwa taya la chini lamuuma kama mwenye jino bovu, ilhali jino lile lilikwisha kung'olewa. Mkwewe anatoka chumbani, anamwona, anauliza: “Mama, una nini?” Naye anajibu: “Si kitu, mwanangu, ni gesi tu. Niwekee maji ya tangawizi.” Tangawizi inachemshwa, mgongo unachuliwa kwa mafuta ya karafuu, mama anatapika, na watu wa nyumbani wanafurahi kwamba sasa uchafu umetoka. Analazwa. Mwana anayekwenda kazini anachungulia mlangoni na kusema kwamba akirudi jioni, kama bado hajapata nafuu, atampeleka zahanati. Wateja wa maandazi wanabisha hodi, wanaambiwa mama hajisikii vizuri leo, nao wanamwombea shifaa na kwenda zao.

Katika nyumba ile hakuna mwovu hata mmoja, kila mtu alimpenda yule mama na kila mmoja alifanya alilolijua. Lakini saa zilizopita kati ya jasho lile la kwanza na mwito wa adhuhuri ndizo zilizokuwa na thamani kuliko saa zote za maisha yake, kwa maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na mpira mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani ili kuufungua mshipa, hufaa sana katika saa chache za mwanzo, na kila dakika ipitayo huondoka na kipande cha msuli kisichorudi. Angekuwa baba ndiye aliyekaa juu ya kigoda kile, akitokwa na jasho na kushika taya, naamini jirani mwenye gari angekwisha kuamshwa.

Wanawake wetu wamelelewa katika stahamala tangu utotoni. Mwana wa kike hufundishwa kwamba maumivu ya mwezi ni siri, kwamba uchungu wa kuzaa haupigiwi kelele, kwamba mwanamke wa kulalama ni mwanamke asiyefunzwa, na hatimaye sifa kubwa kabisa tumpayo mama aliyekufa ni kwamba hakuwa na neno na mtu wala hakuwa akisema anaumwa. Subira ni fadhila kubwa katika dini na katika ada zetu, nami siitii dosari. Ila subira ni ya msiba usio na dawa, na mshtuko wa moyo una dawa. Juu ya malezi hayo kuna mambo ya dunia: nauli, gharama ya kumwona daktari, watoto watakaobaki na nani, na mume ambaye hajaombwa ruhusa kwa kuwa yuko safarini na simu yake haipatikani. Mwanamke aliye taabani hukaa akiyapiga hesabu yote hayo kabla ya kusema neno, na mara nyingi akisema, huwa amekwisha kulipunguza: maumivu yamekuwa kichomi, kukosa pumzi kumekuwa homa ya mafua.

Wala akifika hospitali safari yake haijaisha. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja ya rufaa mjini Moshi, ukachapishwa mwaka 2020, uliwachukua wagonjwa 681 waliokuja idara ya dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, wakapimwa wote umeme wa moyo na damu. Waliopatikana na mshtuko wa moyo walikuwa 152, na 61 kati yao walikuwa wanawake. Kwa wastani walikuwa wamekaa na dalili zaidi ya siku 6 kabla ya kufika. Pale idara ya dharura waliopewa aspirini, kidonge kisichozidi bei ya kikombe cha chai, walikuwa 35 tu, na hakuna hata mmoja aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu. Baada ya siku 30, 65 walikuwa wamekwisha kufa. Nimezirudia hesabu hizi mara nyingi, na kila nizirudiapo sioni kwamba zawahukumu wauguzi na madaktari wa Moshi, ambao bila shaka walikuwa na foleni ndefu na vifaa vichache. Naona zatuhukumu sisi sote tulioshika dhana kwamba maradhi haya ni ya Wazungu, ya matajiri na ya wanaume. Kifua kikiuma twafikiri nimonia, pumzi ikikatika twafikiri pumu, na moyo hukumbukwa mwisho.

Yanayotokea huko ng'ambo yaonyesha kwamba vifaa peke yake havitoshi. Katika jimbo la Florida, ambako hakuna uhaba wa mashine, zilichunguzwa habari za wagonjwa wa mshtuko wa moyo wa miaka ya 1991 hadi 2010, ikaonekana kwamba wagonjwa wanawake waliotibiwa na madaktari wanaume walikufa zaidi kuliko waliotibiwa na madaktari wanawake, na kwamba madaktari wanaume waliofanya kazi pamoja na wanawake wengi walikuwa na matokeo mema zaidi. Kusikiliza, basi, ni sehemu ya tiba, na aliyezoea kumsikiliza mwanamke kama mwenziwe kazini humsikiliza vizuri zaidi pia akiwa kitandani.

Kuna jambo la sitara ambalo sisi wa pwani hatuna budi kulisema waziwazi. Kipimo cha umeme wa moyo huhitaji kifua kifunuliwe, kwa kuwa vishikizo vyake hubandikwa kuzunguka moyo, na baadhi yake chini ya titi la kushoto. Nimesikia wanawake wakikikataa kipimo hiki kwa haya, na nimesikia wapimaji wakibandika vishikizo hivyo juu ya nguo au mahali pasipo pake ili kumstahi mgonjwa, na matokeo yake huwa ni karatasi isiyoaminika. Dawa yake ni nyepesi: pazia, shuka ya kujifunika, na mpimaji wa kike anapopatikana. Haya hiyo haiko kwetu peke yetu. Huko Marekani imeonekana kwamba mtu akianguka hadharani moyo wake ukasimama, wapita njia humbonyeza kifua mwanamume mara nyingi kuliko mwanamke. Kuihifadhi nafsi ni faradhi inayotangulia, na viongozi wetu wa dini wangefanya jambo jema kuwaeleza watu hivyo misikitini na makanisani.

Baadhi ya wanawake wana haja ya kutazamwa zaidi, na dalili ya hatari yao imo katika daftari la kliniki ya wajawazito tulilolitupa zamani. Mwanamke aliyepatwa na presha ya mimba pamoja na protini katika mkojo, yaani hali inayotangulia kifafa cha mimba, huwa na hatari ya maradhi ya moyo baadaye maradufu ya mwenziwe asiyepatwa. Na aliyepata sukari akiwa mjamzito, au aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, naye hatari yake imezidi. Sasa ni nani amuulizaye bibi wa miaka 55 juu ya mimba zake? Afisa wa afya hupima presha, huandika namba, humwita mwingine. Kadhalika sukari humdhuru moyo mwanamke kwa kiasi kikubwa kuliko inavyomdhuru mwanamume, na kwa kuwa sukari ya muda mrefu hufisha mishipa ya fahamu ya mwili, huweza kuyanyamazisha yale maumivu ambayo yangempigia mbiu. Mwanamke mwenye sukari asingoje maumivu hata kidogo; akikosa pumzi au akitokwa na jasho la baridi bila sababu, aende.

Najua pingamizi litakaloletwa, nalo si la kupuuzwa: kwamba tukimpeleka hospitali kila mwanamke mwenye kiungulia na uchovu, hospitali zitafurika, na wengi wataonekana hawana maradhi ya moyo. Ni kweli kwamba wengi hawatakuwa nayo. Lakini kipimo cha umeme wa moyo hakiumi, hakimwagi damu, huchukua dakika chache tu, na kanuni za tiba za leo zataka kifanywe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa mwenye dalili za kushukiwa afike. Kumrudisha nyumbani mwanamke mwenye gesi baada ya kumpima si hasara; hasara ni kumrudisha mwenye mshtuko wa moyo na chupa ya dawa ya kiungulia. Tena mtu asiseme kwamba kipimo kilikuwa kizuri basi yamekwisha, kwa sababu karatasi ya kwanza yaweza kuwa safi ilhali moyo waumia: dalili zikiendelea, kipimo kirudiwe, na damu ipimwe kile kiasi cha protini itokayo kwenye msuli wa moyo ulioumia, iitwayo troponini, kisha irudiwe baada ya saa chache. Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuyaomba haya kwa adabu, na kuyaomba tena.

Juu ya la kufanya nyumbani, maneno ni machache. Aketishwe kwa kuegemea, asitembezwe, asiambiwe ajikaze afike kituoni kwa miguu, wala asipandishwe bodaboda peke yake akiwa amelegea. Kama hana mzio wa aspirini, hatoki damu, hajaambiwa na daktari aiepuke, na wala hali yake haifanani na kiharusi, atafune aspirini ya miligramu 300 ilhali gari laitwa. Na hiyo ni aspirini ya dharura, si ile ya kumezwa kila siku kwa kinga, ambayo ni shauri la daktari peke yake. Apelekwe mahali penye kipimo cha moyo hata kama zahanati ya jirani ni karibu zaidi, maadamu umbali si mkubwa mno. Na atakayemsindikiza aseme pale mapokezi neno la wazi, “Tunaogopa ni moyo,” asiseme tumbo wala homa, kwa sababu neno la kwanza lisemwalo mlangoni ndilo linaloamua atakaa katika benchi gani.

Mambo ya tiba hapa kwetu si yale ya zamani. Tanzania inayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili, inayofanya kazi tangu mwaka 2015, na mishipa ya moyo huzibuliwa pale, kama inavyozibuliwa katika hospitali kubwa za Nairobi. Lakini taasisi iliyo mjini haimwokoi mama wa kigoda, ikiwa zahanati na kituo cha afya cha wilaya yake havina mashine ya umeme wa moyo, wala mtu wa kuisoma, wala aspirini kabatini. Wizara zetu za afya zaweza kuyatimiza haya matatu pasipo kungoja majengo mapya, na waheshimiwa wabunge wanaosimama kila mwaka wakati wa bajeti kuomba barabara, nawaomba mwaka huu waulize pia ni vituo vingapi katika majimbo yao vyenye mashine hiyo, na ni ngapi zilizofunikwa kitambaa kwa kukosa karatasi.

Na wewe msomaji, kabla hujaliweka gazeti hili, mwulize mama yako, au mkeo, au shangazi yako aliye peke yake, kama mwezi huu amechoka kuliko desturi yake, kama usingizi wamtoroka, kama pumzi humkatika akifua au akipanda ngazi, na mara ya mwisho alipimwa lini presha na sukari. Akijibu kwamba si kitu, mwulize tena, kisha mpeleke akapimwe wiki hii.